Nimehamia Tanga, sasa nataka tanga

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza. Nimetokea Mwanza, kazi imenileta Tanga tangu mwezi wa pili, nakaa huku Raskazone na mke na watoto wawili, mkubwa miaka 11 mdogo 8. Kule ziwani nimekua nikipanda mitumbwi ya tanga ya mjomba wangu kwa hiyo upepo si mgeni kwangu, ila bahari ndo kwanza naanza kuisoma. Ninachotaka ni chombo kidogo cha tanga, si cha kuvulia wala si cha biashara, cha kututembeza wikiendi tu, leo kisiwa cha Toten kesho cha Ulenge, na siku tukiwa na likizo tushuke mpaka Pangani tulale huko turudi, ikiwezekana tufike na Maziwe. Kuna mzungu anamaliza mkataba wake anauza yoti ya futi 28, mkuku wake wa chuma unashuka mita 1.5 chini ya maji, ina vitanda ina jiko ina kila kitu na bei yake ni kama ya pikipiki mbili mpya, yaani roho inanidunda. Wengine wananiambia nitafute fundi aniundie mashua ya mbao, wengine wanasema ngalawa inatosha. Halafu kuna jamaa ana kiboti cha faiba cha futi 16, kina ubao wa kati wa kushusha na kupandisha, ila hakina kibanda wala nini, hakina hata pa kujificha jua. Mke wangu kwao Ukerewe, tangu MV Nyerere ipinduke 2018 hataki kabisa kusikia habari za maji, kwa hiyo nikikosea chombo cha kwanza hakutakuwa na cha pili. Nisaidie mzee wangu.
*Mgeni wa Raskazone*

JIBU: Marahaba mwanangu, karibu Tanga, na mji wenyewe umeshakupa jina la unachokitafuta.

Ile yoti iache. Najua imeshakuingia kichwani, vitanda na jiko ndo vinavyomaliza watu, lakini chombo hakichaguliwi kwa vitanda vyake, kinachaguliwa kwa mahali kitakapolala chenyewe. Nikwambie kitu ambacho ziwani hukukizoea. Huku maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu ni mita 3 na zaidi. Sasa tega sikio. Siku hizo za bamvua kwenye pwani yetu hii maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kwenye saa 4 asubuhi. Jumamosi ya bamvua, watoto wameshavaa kofia, mama ameshafunga mihogo na samaki wa kukaanga, saa 4 asubuhi mnafika ufukweni mnakuta bahari imeondoka, mbele yenu ni mchanga na tope na kina mama wanaokota chaza. Chombo chenye mkuku wa mita 1.5 wakati huo kiko mbali huko kwenye kina, kwa hiyo unahitaji boya lake la kufungia, unahitaji mtumbwi wa kukufikisha, unahitaji na mlinzi. Na ukikosea ukakipandisha fungu la mchanga kinalala ubavu kama ng'ombe mgonjwa.

Mimi yamenikuta. Rafiki yangu alikuwa na yoti kama hiyo hiyo, tukapita karibu mno na ufukwe upande wa Kigombe, saa 2 asubuhi maji yanapwa tukasikia *kwaa*, tukasukuma wee, wapi. Tukakaa pale imelala upande mpaka saa 6 na kitu, sufuria la wali limehamia kitandani, na watoto wa pale kijijini wanakuja kwa miguu, kwa miguu mwanangu!, kutuuliza kama tunauza. Hakuna aliyeumia ila heshima yetu ilibaki pale pale. Tena hapo sijagusa matumizi: zile waya za mlingoti, tanga lililoiva na jua mpaka linachanika kama gazeti, injini ya ndani ambayo spea yake lazima iagizwe. Ukiona yoti inauzwa bei ya pikipiki mbili ujue hela ya kununua ndo ndogo kuliko zote utakazoitolea.

(Kama yoti lazima iwe yoti, subiri yenye mikuku miwili. Westerly Centaur kwa mfano, ya Waingereza, futi 26, walianza kuziunda 1969 wakaunda zaidi ya elfu mbili, ile inazama chini ya mita moja na maji yakipwa inakaa wima kwa miguu yake kama kuku. Ila huku kwetu sijui utaisubiri mpaka lini kwa hiyo tuendelee.)

La pili ni hiyo safari ya Pangani, hapo ndo chombo chako kitajulikana. Kwa bahari ni kama kilomita 45 hivi ukihesabu na kutoka ghubani. Chombo cha futi 16 mpaka 20 kikienda vizuri weka kilomita 6 au 7 kwa saa, kwa hiyo ni saa 7 za kutembea ukiwa na upepo unaokufaa. Sasa mwezi wa sita mpaka wa nane ni kusi, upepo unatoka huko huko Pangani unakuja usoni kwako, na mkondo wa bahari kwenye pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi ndo unakaza kabisa. Maana yake unapiga bisho, kushoto kulia kushoto kulia, zile kilomita 45 zinakuwa 80 au 90, huku mkondo unakurudisha nyuma kama mtu anakuvuta shati. Jua letu linachomoza saa 12 linazama saa 12, hapo katikati huna muda wa kutosha, usiku utakukuta nje na nyavu za watu zimetandazwa na miamba haina taa. Kurudi sasa, ni raha tupu, unateleza.

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, mambo yanageuka: kwenda Pangani upepo uko mgongoni mnaimba, kurudi ndo kazi, na wengi wanaaibika hapo maana asubuhi ilikuwa tamu mno. Kwa hiyo utaratibu wangu mimi kwa mtu mwenye familia ni kwamba anza na upande mgumu, toka uende kinyume na upepo mkiwa bado na nguvu na maji ya kunywa, ukichoka geuza, upepo wenyewe unakurudisha nyumbani. Wakati wa kusi shuka kidogo kusini ndani ya miamba, kula mchana kisiwa cha Yambe, rudi. Wakati wa kaskazi pandisha upande wa Ulenge. Pangani iweke kwenye miezi ya katikati upepo ukiwa laini, na ufike maji yakijaa, kwa sababu pale mlangoni mwa mto kuna fungu la mchanga na maji ya mto yakitoka kwa kasi yakakutana na upepo wa bahari mawimbi yanasimama wima, wenyeji wenyewe wanapasubiria.

Sasa chombo.

Ngalawa naipenda na wanaoiita chombo cha maskini hawajawahi kukimbizana nayo. Gogo la mwembe, matengo yake mawili (mbawa za kuizuia isipinduke) huku na huku, tanga moja, inapita kwenye maji ya magotini, inakaa ufukweni haina presha, na kupinduka mpaka uitafutie sababu. Lakini kwa wewe na mama na watoto wawili na kapu la chakula? Ndani ni pembamba mtakaa mmefuatana kama shanga, mtaloa wote, na kuigeuza kwenye bisho inabidi mtu apitishe foromali (mti wa tanga) upande wa pili wa mlingoti huku mwingine anashika demani (kamba ya tanga), kazi ya watu wawili wazima wanaojua wanachofanya. Mkeo bado hata kukanyaga hajakanyaga. Ngalawa itumie kama shule: tafuta mvuvi mzee mmoja pale Deep Sea au Sahare, mlipe siku yake, toka naye mara tano sita, uone anaposhusha tanga, uone anatazama nini kabla hajavuka mlango wa mwamba. Hutaona akitazama simu. Anaangalia rangi ya maji, anaangalia na wenzake wanarudi au wanatoka.

Mashua ya mbao ya futi 18 au 20, fundi mzuri, mbao kavu, hiyo ndo ndoto yangu mimi mwenyewe na siku moja utafika huko. Ina upana, inabeba, inakaa vizuri mchangani. Ila usiagize sasa. Hujajua bado unataka nini, utamwambia fundi aweke kibanda halafu mwakani ukitoe. Na lile tanga letu la pembe tatu, wazee wangu watanisamehe, ni zuri mno upepo ukiwa nyuma au ubavuni lakini upepo ukizidi ghafla huwezi kulipunguza kirahisi, ndo maana manahodha wanabeba matanga mawili, kubwa na dogo, na wana vijana wanne wa kulibadilisha. Wewe una mtoto wa miaka 8. Ukija kuunda mashua chukua mwili wa kwetu uufungie tanga la kisasa lenye kamba za kulipunguza, watu watakucheka siku ya kwanza tu.

Kwa hiyo mwanangu kanunue kile kiboti cha faiba cha futi 16. Najua umekiona hakina sura. Lakini kina ule ubao wa kati, ukiupandisha unaingia kwenye maji ya sentimita 20 au 30, watu wazima wanne mnakiburuta juu ya magogo mnakifunga mnazini, Jumamosi saa 4 asubuhi maji yamepwa mnakiburuta chini mnaondoka. Wayfarer ni boti ya aina hiyo hiyo, futi 16, na mwaka 1963 Mwingereza Frank Dye na mwenzake walitoka nayo Scotland mpaka Iceland kwenye bahari ya baridi na dhoruba. Sikwambii ufanye hivyo! Nakwambia udogo peke yake si tatizo. Na jua ni suala la turubai jepesi na kofia.

Kabla ya kutoa hela kikague. Gongagonga faiba kwa kifundo cha kidole toka omo (mbele) mpaka shetri (nyuma), ikilia kavu sawa, ikilia kama tikiti bovu jiulize. Kanyaga sakafu kama inabonyea. Fungua vile vyumba vya hewa vya kukifanya kielee, vingi vya zamani vimepasuka na muuzaji mwenyewe hajui. Tanga liwe na safu mbili za kupunguzia, kama hazipo mpelekee fundi cherehani anayeshona maturubai. Halafu fanya jambo moja ambalo hakuna muuzaji atakayekushauri: kipindue makusudi. Hapo hapo ghubani, maji ya kifuani, siku ya upepo mdogo, umevaa jaketi la kuokolea, mkeo amekaa ufukweni anakuona. Kipindue, kisimamishe, panda, kombeleza maji. Kikishindwa kusimama, au kikisimama kinazama, umeokoa hela yako. Kikisimama, mkeo ameona kwa macho yake kwamba kupinduka siyo mwisho wa habari, na maneno yako hata mia hayafanyi hiyo kazi. Siku nyingine mpe yeye usukani kabla ya mtu yeyote. Mtu anayeogopa akikaa abiria anazidi kuogopa, akishika usukani anaanza kukupa amri.

Vingine haraka haraka. Uzito wa chini, yaani farumi, usitumie viroba vya mchanga kwenye boti ndogo, tumia madumu yaliyojaa maji, boti ikijaa maji mchanga unaivuta chini lakini dumu la maji halina uzito ndani ya maji, na mkikwama una maji ya kunywa. Madumu matupu yaliyofungwa vizuri yakaze chini ya viti, kila la lita 20 linaeleza kama kilo 20. Nanga iwe na mnyororo mita 5 kisha kamba, na hesabu yake ipige kwa maji yakijaa: ukitia nanga pa mita 2 maji yamepwa, kwenye bamvua patakuwa mita 5, mara tano, unahitaji mita 25 zimelala. Usitie kwenye matumbawe. Eneo kubwa toka hapo Tanga kushuka mpaka Pangani ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, na Maziwe nayo ina hifadhi yake, kwa hiyo pitia kwa watu wa hifadhi uulize viingilio. Na Maziwe ni mchanga mtupu, maji yakijaa sana inafunikwa, nenda nayo yanapopwa, msije mkaonekana mmetandika mkeka katikati ya bahari. Makasia mawili lazima hata ukinunua mashine ya nguvu ya farasi 4 au 5. Jaketi la kila mtu kwa saizi yake, la mtoto ni la mtoto, lile la baba linamvuka kichwani. Kisha TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli) wakikague wakiandikishe, na utabiri wa bahari wa TMA usome jioni kabla ya safari siyo ukiwa umeshatweka.

Pemba usinitajie mwaka huu. Mkondo ule wa Pemba una kina cha mamia ya mita na hauna pa kujificha.

---

SWALI: Hujambo mzee? Niko Kilifi, nimehamia hapa kutoka Nakuru baada ya kustaafu mapema. Fundi mmoja Lamu amekubali kuniundia dau ndogo ya futi 20, ama ninunue tu boti ya faiba iliyotumika? Na hiyo dau nitaileta Kilifi aje?
*Dada wa Kilifi*

JIBU: Sijambo dada. Wewe una muda na una ile hori (mkono wa bahari) ya Kilifi iliyotulia ndani hata siku ambazo nje kusi inachafuka, kwa hiyo mbao nakuruhusu, mradi ukubali kwamba umenunua na ratiba. Kuna minyoo baharini inapekecha mbao mpaka inabaki kama sponji na nje huoni kitu. Dawa yake ni ile ya zamani, chombo kinapandishwa kinakauka, kinababuliwa chini kwa moto wa makuti, kisha kinapakwa deheni ya mafuta na chokaa, siku hizi wengine wanapaka rangi ya sumu ya dukani. Ukisahau miezi michache umekwisha. Pale kwenye maungio ya mbao mwambie fundi akuoneshe kalafati yake (pamba ya kuziba nyufa) kabla hajapaka rangi, rangi inaficha mengi. Mbao akate zikauke kwanza, fundi anayekwambia atamaliza mwezi ujao na mti bado unasimama, mshukuru uondoke.

Kuileta: subiri kaskazi. Unakumbuka Flipflopi, ile dau ya mita 9 iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, ilipoenda Zanzibar kama kilomita 500? Tazama walitoka lini: Januari, 2019. Kaskazi iko mgongoni. Walijua wanachofanya. Wewe mtafute nahodha wa Lamu na mabaharia wake wawili wailete, upande nao ukipenda, ila usiwape tarehe, wape mwezi.

---

SWALI: Mzee mi siogelei kabisa, naruhusiwa kununua boti?
*Kijana, Bagamoyo*

JIBU: Hakuna anayekukataza. Wavuvi wengi tu hawaogelei na wanatoka kila siku, ila wao wana miaka thelathini ya kutodondoka. Jifunze kwanza kuelea chali bila kupiga kelele, ni kazi ya jioni chache tu, jaketi usilivue hata ukiwa umetia nanga, na usitoke peke yako. Ukishaelea niandikie tena tuongelee boti.